Neno "Sauti" na Swali la Vifaa vya Ziada: Je, Kila Kinachoongezwa Huboresha?

Utangulizi

Istilahi za umeme na za sauti zimeingia katika Kiswahili kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni darasa, ambamo mwalimu wa fizikia huwafundisha wanafunzi wake dhana za mkondo, ukinzani na mawimbi. Mlango wa pili ni duka, ambamo mwuzaji humweleza mnunuzi sifa za bidhaa yake. Istilahi ya darasani hufafanuliwa kabla ya kutumiwa. Istilahi ya dukani hutumiwa kwanza, na aghalabu haifafanuliwi kamwe.

Mfano mzuri wa jambo hili ni madai juu ya vifaa vidogo vinavyoongezwa katika mitambo ya muziki ya nyumbani. Mwenye santuri, redio au mashine ya diski huambiwa kwamba akinunua waya mnene, plagi iliyopakwa dhahabu, vikalio vya mpira vya kuwekea spika, au waya maalumu wa kuchomeka ukutani, sauti ya mtambo wake "itaboreka". Je, madai hayo ni ya kweli?

Swali hili linazihusu kurasa za istilahi kwa sababu maneno hayo humfikia mtafsiri katika kijitabu cha maelekezo, humfikia mwalimu katika swali la mwanafunzi, na humfikia mtumishi wa serikali katika hati ya zabuni. Mtumishi anayeidhinisha fedha za wananchi kwa ajili ya "vifaa vya kuboresha sauti" vya ukumbi au vya shule hana budi kujua ni kitu gani hasa kinachonunuliwa. Neno lisilo na mpaka huruhusu kitu chochote kipite.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba baadhi ya vifaa vidogo huboresha sauti kweli, vingine hukinga mtambo tu, na vingine huleta badiliko ambalo sikio la binadamu haliwezi kulitambua. Tena yanakusudia kuonyesha kwamba lugha yetu inayo maneno ya kutosha kuyatenganisha makundi hayo matatu, iwapo tutayatumia kwa uangalifu.

1. Neno "sauti" lina kazi nyingi

Katika Kiswahili neno sauti hubeba dhana kadhaa. Twasema "mwimbaji ana sauti nzuri", tukikusudia sifa ya koo lake. Twasema "nimesikia sauti ya gari", tukikusudia mtikisiko wa hewa uliofika sikioni. Twasema "ongeza sauti" au "punguza sauti", tukikusudia ukubwa wake tu. Katika isimu twasema "sauti za lugha", nayo ni maana nyingine tena.

Katika mazungumzo ya kawaida wingi huu wa maana haudhuru, kwa kuwa muktadha hufafanua. Katika maelezo ya kitaalamu hudhuru sana. Mtu akisema "sauti imeboreka", hatujui kama imekuwa kubwa zaidi, au imepungukiwa na kelele, au imekaribia zaidi ile iliyorekodiwa.

Yafaa ieleweke kwamba hata sikio lenyewe huingia katika mtego huo huo. Muziki ule ule ukipigwa mara mbili, na mara ya pili ukiwa mkubwa kidogo, wasikilizaji wengi hawatasema "umekuwa mkubwa". Watasema umekuwa wazi zaidi, au umekuwa na uhai zaidi. Ndiyo sababu wataalamu wanaolinganisha mitambo husawazisha kwanza ukubwa wa sauti, hadi tofauti isizidi sehemu 1 ya 10 ya desibeli. Pasipo kusawazisha hivyo, kitufe cha kuongeza sauti kingeshinda kila shindano.

Kwa hiyo yafaa tutenganishe dhana tatu. Ya kwanza ni ukubwa wa sauti, yaani nguvu yake masikioni. Ya pili ni usafi wa sauti, yaani kutokuwamo kwa mvumo, mikwaruzo na kelele nyinginezo. Ya tatu ni uaminifu wa sauti, yaani kadiri sauti itokayo katika mtambo inavyolingana na ile iliyohifadhiwa katika santuri, utepe au diski.

Dhana hii ya tatu ndiyo iliyozaa jina la biashara ambalo Kiswahili kimelipokea kwa umbo la "hai-fai". Mtafsiri hatalishangaa neno uaminifu hapa, maana ndilo neno la kazi yake mwenyewe. Tafsiri aminifu haiongezi wala haipunguzi. Haipambi palipokuwa wazi. Mtambo mwaminifu ni hivyo hivyo. Kifaa kinachoongeza utamu usiokuwamo katika rekodi chaweza kumpendeza msikilizaji, nayo ni haki yake, lakini hakijaongeza uaminifu.

2. Majina ya sehemu za mtambo

Kabla ya kuendelea ni lazima tukubaliane juu ya majina ya sehemu zenyewe, kwa kuwa hapa pana mchanganyiko wa siku nyingi. Neno kipaza sauti hutumiwa na wengine kwa chombo anachosemea mhutubi, na wengine hulitumia kwa chombo kinachotoa sauti upande wa hadhira. Vyombo hivi viwili vina kazi zinazopingana: cha kwanza hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme, na cha pili hugeuza umeme kuwa mtikisiko wa hewa. Hati ya ununuzi isemayo "vipaza sauti 6" yaweza kuleta mzigo usiotakiwa.

Katika makala haya chombo cha kusemea kitaitwa maikrofoni, chombo cha kutolea sauti kitaitwa spika, na chombo cha katikati kinachoupa umeme nguvu ya kuisukuma spika kitaitwa kikuza sauti. Majina haya hayana utata, nayo yanatumika tayari miongoni mwa mafundi.

Vile vile neno masafa lahitaji uangalifu. Kwa muda mrefu watangazaji wa redio wamesema "masafa ya kati" na "masafa mafupi", wakikusudia urefu wa mawimbi. Siku hizi neno hilo hilo hutumiwa kwa idadi ya mitikisiko katika sekunde 1, ambayo hupimwa kwa hezi. Vipimo hivi viwili huenda kinyume: urefu wa wimbi ukizidi, idadi ya mitikisiko hupungua. Katika makala haya masafa yatakuwa na maana ya idadi ya mitikisiko kwa sekunde.

3. Waya wa spika

Sasa na tutazame madai yenyewe, tukianza na waya unaounganisha kikuza sauti na spika, kwa kuwa ndio unaosifiwa kuliko vyote.

Waya wa shaba wenye urefu wa mita 1 na eneo la mkato la milimita mraba 1 una ukinzani wa omu 0.017 hivi. Tuchukue chumba cha kawaida ambamo spika iko mita 5 kutoka kwenye kikuza sauti. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo urefu wa kuhesabu ni mita 10. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.75, ule unaotumiwa katika taa za mezani, utakuwa na ukinzani wa omu 0.23. Waya mnene wa milimita mraba 2.5 utakuwa na omu 0.07. Spika yenyewe, kwa kawaida, ina ukinzani wa omu 8.

Tukipiga hesabu, waya mwembamba hupunguza sauti kwa desibeli 0.25, na waya mnene hupunguza kwa desibeli 0.07. Tofauti baina ya nyaya hizo mbili haifiki desibeli 0.2. Kwa kulinganisha, katika muziki wa kawaida msikilizaji huanza kutambua badiliko la ukubwa wa sauti linapokaribia desibeli 1. Mwenye chumba cha namna hii hapati faida yoyote ya kusikika kwa kuuacha waya wa taa na kununua waya wa bei kubwa.

Lakini tuuhamishe mtambo huo katika ukumbi ambamo spika iko mita 30 kutoka kwenye kikuza sauti. Urefu wa kwenda na kurudi sasa ni mita 60. Waya ule mwembamba utakuwa na ukinzani wa omu 1.4 hivi, na nguvu inayoifikia spika itapungua kwa zaidi ya robo. Isitoshe, ukinzani wa spika hubadilika kulingana na masafa, kwa hiyo waya wenye ukinzani mkubwa hupunguza masafa mengine zaidi ya mengine, na umbo la sauti hubadilika. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ukinzani wa spika, yaani omu 0.4 kwa spika ya omu 8. Kwa umbali huo hata waya wa milimita mraba 2.5 hukipita kidogo kikomo hicho. Waya wa milimita mraba 4, wenye ukinzani wa omu 0.26, ndio unaofaa.

Hapa msomaji ataona jambo la maana. Waya ule ule mnene ni wa lazima ukumbini na ni wa bure chumbani. Basi sentensi "waya mnene huboresha sauti" si ya kweli wala si ya uongo hadi itajwe urefu, unene na ukinzani wa spika.

4. Dhahabu, fedha na chumvi

Plagi zilizopakwa dhahabu husifiwa kana kwamba dhahabu hupitisha umeme kuliko madini mengine yote. Ukweli ni kwamba fedha ndiyo inayoongoza, shaba huifuata kwa karibu sana, na dhahabu huja nyuma ya shaba. Sifa ya dhahabu ni nyingine kabisa: haishiki kutu.

Sifa hiyo ina faida ya kweli mahali penye hewa ya chumvi. Mkazi wa Lamu, Tanga, Unguja au Mtwara ajua jinsi vyuma vinavyoliwa na upepo wa bahari. Plagi iliyoshika kutu hutoa mikwaruzo, na pengine hukata sauti kabisa. Hapo plagi ya dhahabu husaidia kuulinda usafi wa sauti kwa miaka mingi. Hata hivyo, siku ya kwanza, ikilinganishwa na plagi mpya ya kawaida iliyo safi, haitaleta tofauti ya kusikika. Kitenzi kinachoifaa ni kukinga, na kuchomoa plagi na kuipangusa mara kwa mara hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo hiyo bila gharama.

Kadhalika kifaa cha kusawazisha volteji, ambacho wengi hukiita stabilaiza. Pale ambapo umeme hupanda na kushuka, kifaa hiki chaweza kuukinga mtambo usiungue. Ni sababu nzuri ya kukinunua. Lakini kikuza sauti kilichoundwa vyema hugeuza umeme wa ukutani kuwa mkondo mnyoofu na kuuchuja ndani yake kabla haujaigusa sauti, kwa hiyo mwenye kununua waya wa ukutani wa bei kubwa akitumaini muziki mtamu zaidi amenunua tumaini. Mvumo wa hezi 50 au 100 ukisikika, mara nyingi sababu yake ni vyombo viwili vilivyounganishwa ardhini kwa njia mbili tofauti. Kuvichomeka katika soketi za mahali pamoja huweza kuuondoa.

Kuhusu nyaya zinazopitisha tarakimu, kama zile za mitambo iliyofuata diski ndogo iliyoingia sokoni mwaka 1982, hali ni wazi zaidi. Tarakimu hufika salama au hazifiki. Waya mbovu huleta mikato na vishindo vinavyotambulika mara moja. Waya mzima wa bei ndogo hufikisha tarakimu zile zile zinazofikishwa na waya wa bei kubwa.

5. Vifaa vidogo vinavyostahili sifa

Isije ikadhaniwa kwamba kila kilicho kidogo hakina maana. Historia ya santuri yenyewe yafundisha kinyume. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, santuri za wakati huo zilipigwa kwa sindano za chuma zilizouzwa katika vikopo vidogo. Sindano hiyo ililiwa upesi, na msikilizaji aliagizwa kuweka mpya kila alipopiga upande mmoja. Aliyepuuza agizo hilo alipata sauti ya kukwaruza, tena aliiharibu mifereji ya santuri yake kwa namna isiyorekebishika. Hapo kitu kidogo kuliko vyote katika mtambo ndicho kilichoamua kama sauti ya mwimbaji itadumu au itapotea.

Hali ni hiyo hiyo kwa santuri za muda mrefu zilizotolewa kuanzia mwaka 1948. Ncha ya almasi hudumu kwa mamia ya saa, lakini nayo huisha. Uzito wa kuikandamiza, ambao katika mashine nyingi ni baina ya gramu 1.5 na 2.5, hupimwa kwa mizani ndogo. Ukizidi, mifereji huliwa. Ukipungua, ncha huruka na kuipotoa sauti. Ncha mpya, mizani na brashi ya kufutia vumbi huleta tofauti ya kupimika na ya kusikika. Vitu hivi viko mahali ambapo mtikisiko wa mfereji hugeuzwa kuwa umeme, nalo ni jambo la kukumbuka: katika safari ya sauti, sehemu zinazogeuza mtikisiko kuwa umeme, au umeme kuwa mtikisiko, ndizo zenye makosa makubwa. Waya hausumbuki hivyo kwa sababu umeme huingia na umeme hutoka.

Baada ya ncha na spika, sehemu yenye makosa makubwa ni chumba. Katika chumba chenye urefu wa mita 4, mawimbi ya hezi 43 hivi hurudi na kukutana yenyewe kwa yenyewe, yakakuzwa mahali fulani na kufifia mahali pengine. Msikilizaji akihamisha kiti chake kwa mita 1, tofauti katika masafa ya chini yaweza kufika desibeli 10. Linganisha na ile desibeli 0.2 ya waya.

Mfano mashuhuri wa tiba ya chumba ni wa Wallace Clement Sabine, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alitakiwa kushughulikia ukumbi wa mihadhara ambamo neno lililotamkwa liliendelea kusikika kwa zaidi ya sekunde 5, hata maneno yakapandana na wasikilizaji wasielewe. Sabine alikopa matakia ya viti kutoka katika ukumbi mwingine wa chuo hicho, akayapanga usiku kwa usiku huku akipima muda kwa sikio na saa. Kila matakia yalipoongezeka, muda ulipungua kwa kanuni iliyohesabika. Kutokana na kazi hiyo alipata fomula inayotumika hadi leo duniani kote, na ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa mwaka 1900 ulijengwa kwa ushauri wake.

Takia, basi, ni kifaa cha ziada kilichoboresha sauti kwa kipimo. Katika vyumba vyetu vyenye sakafu ya saruji na kuta zilizopigwa lipu, zulia nene, pazia zito au godoro lililoegemezwa ukutani hufanya kazi hiyo hiyo. Mkeka mwembamba husaidia kidogo tu, na kwa masafa ya juu peke yake, kwa kuwa masafa ya chini hayamezwi ila na kitu kinene.

Hatimaye kuna mambo mawili yasiyogharimu kitu. La kwanza ni kuisogeza spika mbali na pembe ya chumba, maana pembe huyakuza masafa ya chini kupita kiasi. La pili ni kuhakikisha kwamba waya mwekundu na mweusi zimeunganishwa namna moja katika spika zote mbili. Zikigeuzwa katika spika moja, spika hizo hupingana, na besi hupotea.

6. Namna ya kujua: jaribio fiche

Msomaji aweza kuuliza: je, watu wengi wasemao kwamba wamesikia tofauti wote ni waongo? Hasha. Wamesikia kweli, lakini kilichobadilika si lazima kiwe mtikisiko wa hewa. Aliyelipa fedha nyingi hutarajia, na matarajio huliongoza sikio.

Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive walichapisha matokeo ya kuwasikilizisha watu spika zile zile mara mbili: mara wakiziona, na mara zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia. Zilipoonekana, alama zilifuata ukubwa na sifa za kibiashara za spika. Zilipofichwa, mpangilio wa alama ulibadilika. Masikio yalikuwa yale yale.

Njia iliyo makini zaidi ilielezwa na David Clark mwaka 1982. Msikilizaji hupewa kifaa A, kifaa B, na kifaa kisichotajwa ambacho ni kimojawapo cha hivyo viwili. Kazi yake ni kusema ni kipi. Anayekisia tu atapata nusu hivi. Akijaribu mara 16 na kupata sawa mara 12 au zaidi, uwezekano wa mtu anayekisia tu kupata matokeo kama hayo ni kama 4 katika 100, na hapo twaweza kuamini kwamba amesikia. Jaribio hili mwalimu aweza kulifanya darasani kwa pazia, nyaya mbili na kipande cha karatasi, mradi ukubwa wa sauti usawazishwe kwanza.

Kuhusu jina lake, watafsiri wengine wameliita "jaribio la vipofu". Tafsiri hiyo yapotosha, maana yaelekea kusema kwamba wanaojaribiwa hawaoni. Kinachofichwa ni utambulisho wa kifaa. Kwa sababu hiyo twapendekeza jaribio fiche. Na pale ambapo hata msimamizi hajui kifaa kipi kinapigwa, jaribio fiche maradufu.

7. Kitenzi "boresha" katika tafsiri na katika hati

Kitenzi boresha kimetoka katika bora, na chadai ushahidi. Mtafsiri akikutana na sentensi "kifaa hiki huboresha sauti ya mtambo wako", hana mamlaka ya kuibadilisha, lakini ana wajibu wa kuuliza maswali manne. Sauti kwa maana ipi: ukubwa, usafi au uaminifu? Kwa kiasi gani? Kwa kulinganisha na nini? Na nani alisikiliza, naye alijua anachokisikiliza? Ikiwa matini asilia hayajibu, mtafsiri aeleze kwa uaminifu kwamba ni dai: "mtengenezaji adai kwamba". Maneno hayo mawili ya mwanzo humlinda msomaji.

Kwa mtumishi anayeandika hati ya zabuni, dawa ni kuliacha neno boresha kabisa na kuandika kipimo. Badala ya "nyaya bora za kuboresha sauti", na aandike "nyaya za shaba ambazo ukinzani wake wa kwenda na kurudi hauzidi asilimia 5 ya ukinzani wa spika". Badala ya "vifaa vya kuondoa mwangwi", na aandike idadi ya sekunde inayokubalika baada ya msemaji kunyamaza. Mwuzaji mwaminifu hataogopa kipimo, na mkaguzi atakuwa na kitu cha kukagulia.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Kipuri: sehemu iliyo ya lazima kwa mtambo, inayobadilishwa inapochakaa. Mfano: ncha ya almasi.

Kifaa saidizi: kitu kisicho sehemu ya mtambo ambacho hubadili matokeo kwa namna ya kupimika na kusikika. Mfano: zulia nene, mizani ya sindano.

Kikinga: kifaa kinachozuia uharibifu bila kubadili sauti. Mfano: stabilaiza, plagi isiyoshika kutu.

Kikorombwezo: kitu kinachoongezwa kwa ajili ya kupendeza au kuridhisha, kisicho na athari ya kusikika.

Ukubwa wa sauti: nguvu ya sauti isikikavyo. Hulinganishwa kwa desibeli.

Usafi wa sauti: kutokuwamo kwa mvumo, mikwaruzo na kelele.

Uaminifu wa sauti: ulingano wa sauti itokayo na sauti iliyorekodiwa.

Upotoaji wa sauti: badiliko la umbo la sauti linaloletwa na mtambo wenyewe.

Baki ya sauti: sauti inayoendelea kusikika chumbani baada ya chanzo kunyamaza. Itofautishwe na mwangwi, ambao ni sauti inayorudi ikiwa imetengana waziwazi na ile ya kwanza.

Jaribio fiche: ulinganisho ambao msikilizaji hajui kifaa kinachopigwa.

Hitimisho

Tukirudi kwenye swali letu, jibu ni hili. Vipuri vikichakaa, kuvibadilisha huboresha sauti. Vifaa saidizi vinavyogusa chumba, spika na sindano huboresha, na baadhi yake ni vya bei ndogo sana. Vikinga vyafaa kununuliwa kwa sababu ya kukinga. Vikorombwezo ni hiari ya mwenye fedha zake, lakini havistahili kulipiwa kwa fedha za shule wala za umma.

Mgawanyo huu si wa mitambo ya muziki peke yake. Mtafsiri wa vijitabu vya dawa, vya mbolea au vya mashine za ofisini hukutana na kitenzi boresha kila siku. Kabla hajakiandika, na aulize ni kitu gani kilichopimwa.